Nyumba Mashavuni mwa Panya

Nyumba ya Mohdhar, mtaa wa Mkomani, ilianza kupungua siku ya pili baada ya panya kutiliwa gurudumu.

Kilichotangulia kutoweka ni benchi la jiwe la mlangoni, upande wa kushoto. Mohdhar alitoka asubuhi na kikombe cha kahawa mkononi, akaenda kukaa pale alipokaa tangu utotoni, akakuta hapana pa kukalia. Palikuwa na sakafu safi. Hapakuwa na kifusi wala vumbi, na ukuta ulioshikana na benchi hilo ulikuwa mweupe kama ambao haukuwahi kuguswa na kitu. Akahamia benchi la kulia, akanywa kahawa yake, akamtazama kila aliyepita kwa jicho la kumpekua.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Jeilani, fundi wa mawe, anayekarabati nyumba za wageni. Wageni wanapenda mawe ya kale.

"Asalaam alaykum, Bwana Mohdhar."

"Alaykum salaam. Jeilani, yana usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Na nani?"

"Na mke wangu. Wamtaka shahidi?"

"Benchi langu halipo."

Jeilani aliinama, akapapasa sakafu kwa kiganja, kama anavyopapasa chokaa mpya. "Aliyelitwaa ana mkono mzuri," alisema. "Mie ningeacha ufa." Akaenda zake kazini.

Panya alikuwa wa Rania, binti wa pekee wa Mohdhar, aliyerudi kutoka chuo cha Mombasa kungoja harusi yake. Alishuka botini na begi moja na tundu moja. Ndani ya tundu mlikuwa na kinyama kinene, rangi ya kahawia na nyeupe, macho kama mbegu za paipai. Rania alisema ni hamsta, na jina lake Kashata. Mamake, Alawiya, alimwita panya na hakuona haja ya jina.

"Miaka yote nawaua hawa," alisema Alawiya. "Leo waniletea mmoja kwa nauli."

"Mama, huyu si wa jikoni. Huyu ni wa kufuga."

"Yuwala?"

"Anakula."

"Yuwanya?"

"Mama!"

"Basi ni panya."

Maalim Ridhwani, aliyepita kuleta mwaliko wa maulidi, aliombwa atoe kauli. Alivaa miwani, akainama, akasema kiumbe huyu hana mkia wa kutosha kuitwa panya. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Mohdhar hakukerwa na mkia. Alikerwa na aliyemtoa.

"Nimepewa na shangazi Tima," Rania alisema. "Zawadi ya harusi. Amesema umtengenezee mahali pa kukimbia, maana asipokimbia hufa."

"Amesema nani amtengenezee?"

"Wewe, Baba. Amesema, mwambie nduyangu."

Mohdhar alilipindua tundu, akatazama chini yake. Alitafuta hirizi, au uzi mweusi, au maandishi. Akakuta bei ya duka. Hilo nalo halikumtuliza. Tima hakuwahi kumpelekea hata tende, na sasa amempelekea mnyama.

Tima alikuwa dadake mdogo, na nyumba ilikuwa ya Tima.

Mjini Amu nyumba ni ya mtoto wa kike. Mwanamume huoa akafuata mke, na mke hukuta kwao panamsubiri. Mama yao alimpa Tima nyumba ya Mkomani mbele ya watu, kisha akafa. Wakati huo Tima alikuwa Jeddah kwa mumewe, na Mohdhar akasema ataiangalia. Akahamia na mkewe ili aiangalie vizuri. Mwaka mmoja masika yalikuja kwa nguvu, nyumba tatu za mtaa huo zikaanguka, na Tima akapiga simu kuuliza ya kwao. Mohdhar alimwambia ya kwao ni ya nne. Alikuwa amesimama katika chumba cha ndani alipoyasema hayo, ameegemea ukuta. Tima alilia mpaka salio lake likaisha. Kesho yake alipiga tena, akasema ni qadari, na kiwanja Mohdhar akifanye atakavyo. Mohdhar hakukifanya lolote, maana juu yake palikuwa na nyumba.

Mji ulijua. Mkomani hakufichiki kitu, lakini kila mlango una lake. Aliyekalia nyumba ya dadake hamsemi aliyekalia nyumba ya shangaziye. Watu wa Amu waliokwenda Hija walimkuta Tima Jeddah, wakala kwake, wakampa pole ya nyumba.

Rania naye alifundishwa tangu mdogo kwamba picha za ndani ya nyumba huleta hasadi, na kwamba shangaziye akiuliza, aseme wanakaa kwa ukoo wa mamake. Alikuwa akisema hivyo kama mtu anavyosema hajambo. Sasa Tima alikuwa mjane, amerudi, amepanga Mombasa, safari ya siku moja kutoka hapo. Na nyumba ilikuwa imekwisha kuahidiwa Rania. Mchumba wake, Zaki, angehamia humo baada ya nikahi. Mama yake Zaki, Bi Shifaa, alikuwa amekuja kuitazama, akagonga kuta kwa pete yake na kuridhika.

Kwa kuwa hakuiamini zawadi, Mohdhar aliamua kumtunza panya kwa mkono wake mwenyewe. Akifa, isiwe kwa kosa lake. Rania alisoma kwenye simu yanayotakiwa, na Mohdhar akayatafuta. Mtama usiokobolewa. Mbegu za tikiti zilizokaushwa juani. Kipande cha karoti, kipande cha boga. Limau hapana, kitunguu hapana. Maranda ya kulalia aliyachukua kwa mchonga milango, akayapepeta yasiwe na kijiti cha kumchoma. Mchanga alimtuma mtu auchote Shela, kwenye vilima, ukiwa mkavu, kwa sababu mnyama huyu huoga mchanga, kama msafiri anayetayamamu. Alitoboa kifuu cha nazi kiwe chumba. Alimwekea mirija ya karatasi ya kupitia na ngazi ndogo ya vijiti vya mswaki ya kupandia.

Gurudumu alilitengeneza kwa bati la samli. Rania alisema liwe pana, mgongo usipinde. Mohdhar alikata bati, akasugua makali kwa tupa mpaka likawa halikwaruzi hata shavu lake mwenyewe, akalitia kwenye msumari. Alifanya kazi hiyo vizuri kwa sababu hakumwamini aliyeiagiza. Lililobaki ni kelele tu. Kila lilipozunguka, lililia kama bawaba.

Baada ya benchi kilikwenda kidato cha ngazi, halafu kingine. Halafu safu moja ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani katika chumba cha ndani ambamo Alawiya alipanga sahani za kichina za mama mkwe wake. Sahani zilikutwa chini, zimepangwa kwa ukubwa, hata moja haina ufa. Ukuta nyuma yake ulikuwa bapa. Aliyekuwa akiiba hakutaka vyombo. Alitaka nyumba.

Mohdhar akamshuku Wazir, jirani wa upande wa kibla, kwa sababu ukuta wao ni mmoja. Akaweka sikio ukutani, akasikia Wazir naye ameweka sikio upande wa pili. Kisha akamgeukia mkewe.

"Nduzo wamejenga Pate," alisema. "Mawe wametoa wapi?"

"Wamenunua."

"Kwa nani?"

"Bwana wee," alisema Alawiya, "mawe nitayapitisha wapi mie? Ndani ya buibui?"

Mohdhar alilitazama buibui lake lililotundikwa msumarini. Alilitazama muda kidogo zaidi ya inavyofaa.

Alijua ukweli siku moja baada ya Alasiri, amelala chali katika chumba cha ndani, macho darini, akihesabu boriti ili asiibiwe akiwa macho. Gurudumu lilikuwa likilia. Lilisimama. Darini palikuwa na nafasi ambayo haikuwapo kabla. Akageuza kichwa. Panya alikuwa akishuka kwenye gurudumu taratibu, kama mzee anayeshuka ngazi za msikiti, mashavu yamejaa pande zote mbili, na ncha ya boriti ilikuwa bado nje ya mdomo kama kijiti cha mswaki. Rangi nyekundu na nyeusi waliyoipaka wazee ilionekana vizuri. Panya aliisukuma ndani kwa mikono miwili, akatulia, akaingia kwenye kifuu chake kulala.

Mohdhar alimtoa, akayaminya mashavu. Akaumwa kidole. Panya alikuwa mzito kuliko alivyofaa kuwa, mzito kama ndoo ya saruji, na Mohdhar akamrudisha kwa mikono miwili.

"Ni yeye," alimwambia mkewe.

Alawiya alikuja na mwiko mkononi. Alitazama dari, akatazama tundu, akasikia harufu ya wali kuungua.

"Ulimwambia nduyo nyumba imeanguka," alisema. "Basi yaanguka. Wataka nini tena?" Akarudi jikoni.

Mohdhar alilitoa gurudumu siku hiyo hiyo, akalificha juu ya kabati. Nyumba ikasimama pale ilipokuwa imefika. Ilikuwa imepungukiwa na benchi, nusu ya ngazi, zidaka za ukuta mmoja, choo cha juu na boriti kadhaa. Jeilani aliitwa, akapima, akasema mawe yapo, chokaa ipo, ataanza baada ya Ijumaa na harusi itakuta nyumba nzima. Bi Shifaa aliambiwa ni ukarabati. Alisema ukarabati ni jambo zuri.

Panya ndiye aliyezorota. Alitafuna nondo za tundu mpaka pua ikachubuka. Mohdhar alimwongezea mirija, akamwongezea ngazi, akamzikia mbegu kwenye maranda ili azitafute.

"Baba, huko ni kupanda na kuchimba," Rania alisema. "Yeye anataka kukimbia."

"Akimbie wapi? Yumo ndani ya nyumba ya watu."

Kisha Tima akapiga simu.

"Nakuya harusini," alisema.

"Na magoti yako?"

"Nitakuya nayo. Nataka unipeke Mkomani nikalione gofu la mama. Nisome Fatiha, nitwae jiwe moya niliweke kwangu."

"Ndia yenyewe mbaya, Tima. Pana mawe."

"Nimezaliwa pale, Mohdhar. Na yule mnyama? Umempa pa kukimbilia?"

"Nimempa."

"Alhamdulillahi. Wengine huwafungia."

Mohdhar aliiweka simu kifudifudi. Alikaa kwenye benchi la kulia mpaka adhana ya Magharibi. Alijiuliza Tima anajua nini, na amejulia kwa nani, na kwa nini amesema wengine. Mambo yalikuwa mawili. Tima akikuta hata chumba kimoja kimesimama na chokaa yake ya zamani, atajua hakijawahi kuanguka, na mtaa mzima utalazimika kufungua mdomo. Akikuta gofu, basi Mohdhar hakusema uongo, hakuwahi kuusema. Jambo la tatu lilikuwa kumwambia. Hilo Mohdhar hakulifikiri.

Asubuhi alimwambia Jeilani kazi hakuna. Akapanda boti kwenda Matondoni, kwa Husein, fundi wa majahazi.

"Nataka gurudumu la ubao," alisema. "Pana. Lisilolia."

"La nini?"

"La panya."

"Panya wa kiasi gani?"

Mohdhar akaonyesha ngumi.

"Na yuwakimbia kwenda wapi?"

"Papo hapo."

"Kama mheshimiwa," alisema Husein, akachukua kamba ya kupimia.

Alilichonga kwa mbao iliyobaki kwenye ubavu wa jahazi, akalipaka sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo visioze. Lilizunguka kwa pumzi. Mohdhar alilirudisha mjini limefungwa ndani ya kikoi, na botini kila mtu alijua harufu ile lakini hakuna aliyeuliza. Nyumbani alilitia kwenye tundu, akaongeza chakula. Mwili wa kazi hutaka kula. Alitia njugu, alizeti, na kipande cha yai lililochemshwa bila chumvi. Panya alilinusa gurudumu jipya, akapanda, akakimbia.

Sasa nyumba ilitoka kimya, na ilitoka haraka. Ghorofa ya juu ilikwisha kabla ya Ijumaa. Wazir alikuja kulalamika kwamba ubavu wake umebaki uchi, akaombwa radhi, akauliza kama panya huyo anafanya kazi na mchana. Aliambiwa anapumzika adhuhuri. Akasema basi ataanika nguo zake adhuhuri. Jeilani, akipita, alisimama kuangalia pembe ya ukuta ilivyokatwa, akatikisa kichwa kwa kuisifu.

Rania alimkuta babake amepiga magoti mbele ya tundu, akichambua mtama.

"Baba, litoe gurudumu."

"Shangazi yako yuwaya."

"Na mimi nitaolewa wapi?"

"Mtapanga. Watu wapanga."

"Bi Shifaa hakumleta mtoto wake aje kupanga. Baba, nyumba hii uliniahidi wewe."

"Nakumbuka."

"Kwa nini usimwambie tu?"

"Kumwambia nini?"

Hilo lilikuwa jambo ambalo halikuwahi kusemwa ndani ya nyumba ile, na sasa nyumba ile haikuwa na ndani. Rania aliinama akaokota kipande cha boga kilichoanguka, akakirudisha kwenye kisahani cha panya, akatoka.

Walihamia Langoni, vyumba viwili vya paa la mabati juu ya duka la Mohdhar la vitambaa. Sahani za kichina zilihamishwa ndani ya majani ya mgomba. Tundu lilibaki Mkomani mpaka kazi iishe. Mohdhar alikuwa akienda asubuhi na jioni kulisha, kubadilisha maji na kupaka sifa kwenye mhimili. Alikaa karibu na kushuku kila kitu: kwamba panya ataacha ukuta mmoja makusudi, kwamba amepewa maagizo. Panya hakuacha. Alimeza kisima, akameza chumba cha ndani, akameza benchi la kulia Mohdhar alipoinuka kwenda kuswali. Mwisho alichukua mlango wa mbele, uliochongwa na babu ya mama yao, pamoja na fremu na pete zake za shaba. Uliingia kiubavuubavu. Alifumba macho ulipopita.

Kumhamisha kulikuwa kazi. Alionekana yule yule, kiasi cha ngumi. Wapagazi wawili walishindwa kulinyanyua tundu. Punda aliyepakiwa alipiga magoti kwenye pembe ya duka la mikate na akakataa kuinuka hata alipotukanwa mamake. Ilibidi mkokoteni, na mkokoteni uliacha alama kwenye vichochoro mpaka Langoni.

Mohdhar alirudi kutazama kiwanja mara ya mwisho, na akaona kosa. Gofu lilikuwa safi mno. Gofu la miaka lina magugu na paka. Hili lilikuwa kama sinia iliyooshwa. Usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi mpapai ulikuwa umeota pale palipokuwa chumba cha ndani, mrefu kuliko mtu, na mapaipai mawili yaliyoiva. Magugu yalifika kiunoni. Paka mmoja alikuwa amezaa chini ya mpapai. Mohdhar alitazama huku na huku kuona nani amempa hisani hii, na anataka nini.

Tima alikuja kwa boti kutoka Mokowe, na fimbo, na miwani ya rangi ya chai. Alikuwa amenenepa na kufanana na mama yao. Mohdhar alimshika mkono, wakaenda polepole. Hakumwangalia njiani. Aliwaangalia waliokuwa milangoni.

Tima alisimama kwenye kiwanja. Alisoma Fatiha. Alionyesha kwa fimbo.

"Kisima kilikuwa pale."

"Ndipo."

"Na hapa mama alikuwa akianika viungo."

"Ndipo."

Hakulia, na Mohdhar hakuipenda hali hiyo. Tima aliingia kwenye magugu akitafuta jiwe lake. Alipekua kwa fimbo kutoka ukingo hadi ukingo.

"Hapana hata jiwe moya?"

"Watu wametwaa."

"Watu gani?"

"Watu."

Wazir alitokeza dirishani. "Pole, Bi Tima," alisema. "Pole sana. Miaka mingi sasa." Mwanamke aliyekuwa akipita na kapu alisimama naye akasema pole. Maalim Ridhwani, akitoka msikitini, alisema kila kilicho juu ya ardhi kitatoweka, akampa pole, akauliza habari za Jeddah.

Tima alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. Macho yake yalikuwa mekundu tangu zamani.

"Nduyangu," alisema, "nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Nilikudhania vibaya. Mtu alinambia, Mombasa kule, kwamba ingali yasimama. Nikakaa na neno hilo moyoni mwaka mzima. Nikikuombea dua, naikatiza. Sasa nimeona kwa mato yangu. Ulinambia kweli."

Mohdhar alimtazama Wazir. Wazir alikuwa akimtazama paka.

"Nimekusamehe," alisema Mohdhar.

"Kiwanja ni chako. Nilikwisha kusema, sirudi nyuma." Akashika fimbo yake. "Na Kashata mzima?"

"Mzima."

"Muuzaji alinambia huweka vitu mashavuni, vingi, mtu hadhani. Umeona?"

"Sikuangalia," alisema Mohdhar.

Bi Shifaa alikuja Langoni jioni hiyo, amevaa vizuri. Alikunywa sharubati ya ukwaju mpaka chini. Aliyatazama mabati, akazitazama sahani za kichina zilizowekwa juu ya katoni za vitambaa kwa kukosa mahali. Alisema Zaki amepata kazi Malindi, na kijana akianza kazi ni vizuri atulie kwanza, na harusi si samaki kwamba itaoza. Aliuliza kama sahani zinauzwa. Alawiya alimsindikiza mpaka chini, akarudi, akaosha glasi yake mara mbili.

Rania hakulia mbele ya mtu. Alifunga begi lake lile lile, akasema anarudi Mombasa na shangazi, atakaa naye, shangazi anahitaji mtu wa kumsaidia na magoti.

"Kaa kwenu," alisema Mohdhar.

"Ni wapi, Baba?"

Alishika kipini cha tundu ili aondoke nalo. Halikuinuka. Akavuta kwa mikono miwili. Halikuinuka.

"Panya abaki," alisema Mohdhar.

Rania alimtazama panya, aliyekuwa akioga mchanga, mashavu mapana, hana wasiwasi. Alimtazama babake. Alielewa, na hakufanya lolote kwa kuelewa huko. Shangaziye alikuwa chini kwenye kichochoro, akimwita kwamba boti itaondoka.

"Usimpe limau," Rania alisema, akashuka. Mohdhar alisubiri kusikia sauti yake ikisema lile jambo huko chini. Alisikia fimbo tu, na viatu, vikienda gatini.

Kesho yake alilipeleka tundu Mkomani kwa mkokoteni. Alilitoa gurudumu. Aliufungua mlango wa tundu, akaliweka katikati ya kiwanja, chini ya mpapai, akakaa chini, kwa kuwa hapakuwa na benchi, akangoja panya ateme. Panya alikula, akaoga, akalala. Mohdhar alimbembeleza kwa yai. Alimtishia kwa paka. Panya na paka walitazamana, na paka akawahamisha watoto wake.

"Bado?" aliuliza Jeilani, akipita na mfuko wa chokaa.

"Bado."

"Ningekuwa yeye, singetema."

Tangu hapo huenda kila siku baada ya Alasiri, akafungua duka akirudi. Humchagulia mtama mwenyewe, punje kwa punje, kwa sababu hauamini ule wa sokoni. Watu wa mtaa wamezoea. Wakipita husalimu, na wengine humwuliza hali ya panya kabla ya hali yake. Tima hupiga simu kila Ijumaa. Humwombea dua nzima sasa, bila kuikatiza.

Kilichokwenda ni hiki. Mabenchi mawili ya mawe. Ngazi. Zidaka za kuta tatu. Boriti zote, za chini na za juu. Kisima, pamoja na maji. Choo cha juu na choo cha chini. Chumba cha ndani alimozaliwa yeye na alimofia mama yake. Mlango wa mbele na pete zake. Harusi moja. Binti mmoja. Dada hakumtia kwenye hesabu, maana huyo alikuwa amekwisha kumtoa zamani, kwa simu, ameegemea ukuta.